Kuipa Emacs mazingira ya mradi: jibu kwa msomaji anayetumia Guix

Swali nililoletewa, kwa ufupi, ni hili. Msomaji anaandika programu ya kukokotoa mtiririko wa maji ya mito, sehemu kubwa kwa lugha ya C++ na sehemu ndogo kwa Python. Vifaa vyote vya mradi vimeorodheshwa katika faili iitwayo manifest.scm, na akiwa kwenye terminali huandika `guix shell -m manifest.scm`, amri ya Guix, mfumo wa kusakinisha vifurushi vya programu, kisha kila kitu hujengeka bila tatizo. Akifungua faili zilezile ndani ya kihariri cha Emacs, seva ya lugha (programu inayousoma msimbo na kukionyesha kihariri makosa na matamko) ama haipatikani kabisa, ama inayopatikana ni ile ya mfumo wa kompyuta yake, nayo hupiga mstari mwekundu chini ya kila `#include`. Ana pia mradi wa pili unaohitaji toleo jingine la kompaila. Anauliza kama aanzishe Emacs kutoka ndani ya `guix shell`, au aiingize Emacs yenyewe kwenye kontena, yaani mazingira yaliyofungiwa mbali na kompyuta nzima, na kama mpangilio huo utamfaa mwenzake anayetumia kihariri cha VS Code kwenye kompyuta ya Mac.

Nitatangulia kusema ninachokiamini, kisha nieleze sababu. Kwa kazi ya kila siku nisingemshauri afanye lolote kati ya hayo mawili. Emacs ibaki nje pale ilipo, na mazingira ya mradi yaletwe hadi kwenye bafa (nafasi ambamo Emacs huishikilia faili iliyofunguliwa), kila bafa ikipewa mazingira ya folda yake. Kontena litumike baadaye, pale anapotaka kuthibitisha kwamba orodha yake ya vifaa imekamilika kweli.

Jina "mazingira yaliyotengwa" hubeba mambo mawili tofauti, na shida nyingi za aina hii huanzia kwenye kuyachanganya. Unapoandika `guix shell` bila chaguo la ziada, Guix hupakua au kujenga vifurushi na kuviweka katika ghala la /gnu/store, kila kimoja kikiwa na jina linaloanza kwa mfuatano wa herufi na tarakimu 32 unaokokotolewa kutokana na kila kilichotumika kukijenga: msimbo wake, kompaila, maktaba na maelekezo ya ujenzi. Mbinu hiyo ilitoka katika Nix, mfumo ambao Eelco Dolstra aliueleza kwa kina katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, na Guix, iliyoanzishwa na Ludovic Courtès na kutangazwa mwaka 2012, iliirithi huku ikitumia lugha ya Scheme. Kwa kuwa majina hayagongani, matoleo mawili ya kompaila moja hukaa ghalani bila kuzozana. Lakini baada ya kazi hiyo yote, kinachofanyika mwishoni ni kitu kidogo sana: vigeu vichache vya mazingira (thamani zinazoziambia programu zitafute vitu wapi) hubadilishwa, yaani PATH, CPLUS_INCLUDE_PATH, LIBRARY_PATH, GUIX_PYTHONPATH na vingine vya namna hiyo, kisha sheli mpya (programu inayopokea amri zako) huanzishwa. Hakuna ukuta wowote uliojengwa. Programu za mfumo bado zinaonekana, faili zako za nyumbani bado zinaonekana, na mtandao upo.

Ukiongeza `--container`, mambo hubadilika. Hapo kiini cha Linux huombwa kuupa mchakato mfumo wake wa faili na orodha yake ya michakato, na mtandao hukatwa usipouomba kwa `--network`. Huo ndio utengano wa kweli, na una gharama ambazo nitazitaja mbele.

Kwa hiyo tatizo la msomaji wetu linahusu vigeu vya mazingira, na kanuni ya vigeu hivyo haijabadilika tangu vilipoingia katika Unix ya toleo la 7 mwaka 1979: mchakato hurithi nakala ya vigeu vya mzazi wake siku ya kuzaliwa kwake, na baada ya hapo mabadiliko yanayofanywa katika mchakato mwingine hayaufikii. Emacs yake ilizaliwa na eneo-kazi la kompyuta, asubuhi, kabla hajaandika `guix shell` popote. Sheli aliyoifungua baadaye kwenye terminali ni ndugu wa mbali wa Emacs, na ndugu hawarithiani. Seva ya lugha nayo huzaliwa na Emacs, hivyo inarithi kile ambacho Emacs inacho, ambacho ni mazingira ya mfumo mzima. Mistari myekundu anayoiona ni taarifa ya kweli kutoka kwa seva iliyopewa njia zisizo sahihi.

Ukilitazama hivyo, wazo la kuanzisha Emacs kutoka ndani ya `guix shell` linaonekana la busara, na ni kweli kwamba linafanya kazi kwa mradi mmoja. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa muda mrefu. Udhaifu wake hujitokeza siku unapofungua faili ya mradi wa pili katika Emacs hiyohiyo: kompaila ya mradi wa kwanza inashika msimbo wa mradi wa pili, na kwa kuwa mara nyingi msimbo hukubali, hutambui. Niliwahi kupoteza siku mbili nikitafuta kosa katika hesabu zangu, kumbe kihariri kilikuwa kinanionyesha tamko la fomula kutoka katika toleo la maktaba ambalo mradi ule haukuwa unalitumia. Aidha, anayetumia Emacs kama huduma ya chinichini na kufungua madirisha kwa `emacsclient` hafaidiki kabisa, kwa sababu michakato huzaliwa na ile huduma, si na dirisha alilolifungua ndani ya sheli. Na akijaribu `guix shell --pure`, PATH yote ya zamani huondolewa, hivyo hata Emacs yenyewe haitaonekana asipoiorodhesha, pamoja na git na kikagua tahajia na kila kitu kingine ambacho kihariri hukitegemea kimyakimya. Orodha ya mradi inaanza kujaa vitu ambavyo mradi hauvihitaji.

Emacs ina sifa moja inayotuokoa. Vigeu vya mazingira itakavyowarithisha watoto wake vimehifadhiwa katika kigeu cha Lisp kiitwacho `process-environment`, na orodha ya folda inamotafuta programu imo katika kingine kiitwacho `exec-path`. Vyote viwili vinaweza kupewa thamani ya bafa moja tu. Hii ina maana kwamba Emacs moja, iliyofunguliwa mara moja asubuhi, inaweza kuwa mzazi wa seva mbili za lugha zenye urithi tofauti kabisa. Ni lazima vyote viwili vibadilishwe kwa pamoja. `exec-path` ndiyo Emacs huitumia kuipata programu ya kuanzisha, na PATH iliyomo ndani ya `process-environment` ndiyo mtoto atakayoitumia akishazaliwa. Ukibadilisha ya kwanza pekee, clangd, seva ya lugha ya C++, itapatikana na kuanza, kisha yenyewe itashindwa kuipata kompaila, na utabaki unashangaa kwa nini kitu kilichopatikana hakifanyi kazi.

Kazi hiyo haihitaji kufanywa kwa mkono. Programu ndogo iitwayo direnv husoma faili ya .envrc iliyo katika folda ya mradi, huiendesha kwa bash, na kutoa tofauti ya vigeu kabla na baada. Kifurushi cha Emacs kiitwacho envrc, kilichoandikwa na Steve Purcell, huiita direnv kwa kila folda na kuiweka tofauti hiyo katika bafa husika pekee. Kipo kifurushi kingine cha zamani kiitwacho direnv kama programu yenyewe, ambacho hubadilisha mazingira ya Emacs nzima kila unapohama bafa. Kwa mtu mwenye miradi miwili iliyo wazi kwa wakati mmoja, nachagua envrc bila kusita.

Katika folda ya mradi, faili ya .envrc iwe na mistari hii mitatu:

```
watch_file manifest.scm
watch_file zana.scm
eval "$(guix shell -m manifest.scm -m zana.scm --search-paths)"
```

Chaguo la `--search-paths` huiambia Guix ichapishe vigeu badala ya kuanzisha sheli. Direnv ina njia ya mkato, `use guix`, lakini matoleo yake ya zamani huita amri ya zamani ya Guix, na kuandika mstari kamili humwonyesha kila asomaye kinachotokea. Mistari miwili ya juu huifanya direnv itambue kwamba orodha imebadilika.

Faili ya pili, zana.scm, ni pendekezo langu na ningependa msomaji alizingatie. Seva ya lugha, kitatuzi cha makosa na kipanga msimbo ni vifaa vyako wewe mwandishi, na programu yako inajengeka bila hivyo. Viweke katika orodha yake, na uiache manifest.scm iseme tu kile ambacho mradi unahitaji ili ujengeke. Guix hukubali `-m` zaidi ya moja na huziunganisha. Hata hivyo seva ya lugha isisakinishwe nje ya Guix kabisa, hasa ile ya Python. Python ya Guix huzitafuta moduli zake kupitia GUIX_PYTHONPATH, kigeu ambacho Python ya mfumo haikijui, hivyo seva uliyoisakinisha kwa pip juu ya Python ya mfumo haitaiona maktaba ya numpy ya mradi hata kama vigeu vyote vimefika salama.

Upande wa Emacs mstari mmoja unatosha:

```
(add-hook 'after-init-hook 'envrc-global-mode)
```

Uwekwe hivyo, uwashwe baada ya mambo mengine yote, ingawa tunataka mazingira yawe tayari kabla ya mambo mengine. Kila modi ya jumla hujiweka mbele ya foleni inapowashwa, kwa hiyo inayowashwa mwisho ndiyo itakayoendeshwa kwanza katika kila bafa. Eglot, sehemu inayoiunganisha Emacs na seva za lugha, ambayo tangu Emacs 29 ya mwaka 2023 imo ndani ya Emacs yenyewe, haina shida hapa ukiiita kwa `eglot-ensure`, kwa sababu husubiri amri ya kufungua faili imalizike ndipo ianzishe seva. Vikaguzi vya msimbo vinavyotafuta programu mara tu bafa inapofunguka ndivyo vinavyoumizwa na mpangilio mbaya.

Mara ya kwanza direnv itakataa kuisoma .envrc mpaka utoe kibali kwa `direnv allow`, au ndani ya Emacs kwa `M-x envrc-allow`. Ukataaji huo ni wa haki, maana faili ile ni programu kamili ya bash inayoweza kufanya lolote unaloweza kufanya wewe. Ikibadilishwa hata herufi moja, kibali hufutika. Lakini kuna jambo ambalo sijaona likitajwa vya kutosha: kibali hicho kinahusu .envrc peke yake. Faili ya manifest.scm nayo ni programu, ya Scheme, na Guix huiendesha kila mazingira yanapohesabiwa upya. Mtu akiibadilisha katika hazina ya msimbo mnayoshirikiana, nawe ukavuta mabadiliko hayo, itaendeshwa mara ukifungua faili yoyote ya mradi, bila swali. Guix yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana `guix shell` isiyotajiwa faili hukataa kusoma manifest.scm ya folda ambayo hujaiidhinisha katika `~/.config/guix/shell-authorized-directories`, lakini sisi tunaotaja faili kwa `-m` tunaupita ukaguzi huo. Kwa mradi wako mwenyewe si tatizo. Kwa mradi wa watu usiowafahamu, soma mabadiliko ya faili hizo kabla ya kufungua chochote.

Baada ya hapo, hakikisha kwa macho yako, tena kutoka ndani ya bafa ya faili ya C++. Andika `M-:` kisha `(executable-find "clangd")`. Jibu linapaswa kuanza na /gnu/store. Fanya hivyo tena kwa `(getenv "CPLUS_INCLUDE_PATH")`. Kisha `M-x compile` na badala ya amri ya kujenga andika `command -v c++`, ili uone kompaila ambayo bafa ya ujenzi inaiona, kwa sababu hiyo ni bafa tofauti yenye urithi wake. Majibu matatu yakikubaliana, mazingira yamefika. Yakitofautiana, unajua tayari ni mlango upi umefungwa, na huna haja ya kubahatisha ndani ya mipangilio ya seva ya lugha.

Hapa ndipo penye mitego, na nitakaa kidogo.

Mtego wa kwanza ni bafa za muda. Vifurushi vingi vya Emacs hufungua bafa isiyoonekana, huendesha programu humo, husoma jibu na kuifuta. Bafa hiyo haina thamani za bafa uliyokuwamo, hivyo programu hurithi mazingira ya jumla. Dalili yake ni kwamba jambo moja linafanya kazi na jingine, katika faili ileile, linasema programu haipatikani. Purcell aliandika kifurushi kingine kiitwacho inheritenv kwa ajili hiyo: unakitajia jina la funksheni yenye kasoro, nacho huibebea mazingira ya bafa iliyoiita.

Wa pili ni umri wa seva. Ukiongeza maktaba katika manifest.scm, direnv itahesabu vigeu vipya, na `M-x envrc-reload` itavileta kwenye bafa, lakini seva ya lugha iliyokwisha kuzaliwa haitajua. Izime kwa `eglot-shutdown` na uianzishe tena kwa `eglot`. Watu wengi huifunga Emacs nzima na kuifungua upya, si lazima.

Wa tatu ndio ulionitesa zaidi, nao hautokani na Emacs. CMake, programu ya kuandaa ujenzi, huhifadhi katika CMakeCache.txt njia kamili ya kompaila iliyoikuta mara ya kwanza. Mazingira yakibadilika, folda ya ujenzi huendelea kuikumbuka kompaila ya zamani katika ghala, na seva ya lugha, inayosoma compile_commands.json iliyozalishwa na CMake hiyohiyo kwa `CMAKE_EXPORT_COMPILE_COMMANDS`, huikumbuka pamoja nayo. Kila manifest.scm inapobadilika kwa jambo linalogusa kompaila au maktaba, futa folda ya ujenzi na uanze upya. Ikiwa clangd bado haizioni faili za vichwa vya maktaba ya kawaida, chaguo lake la `--query-driver` huiruhusu kuiuliza kompaila yenyewe inatafuta wapi.

Ghala nalo hufagiwa. Ukiendesha `guix gc`, kitu kisichoshikiliwa na mzizi wowote (kiungo kinachoiambia Guix isikifute) kinaweza kuondoka, yakiwemo mazingira ya mradi ambao hujaufungua kwa muda. Kwa anayenunua intaneti kwa bando hilo si jambo dogo, kwani kompaila na maktaba zake zikipotea zitapakuliwa upya. Amri hii, ikiendeshwa mara moja kila orodha inapobadilika, huweka mzizi:

```
guix shell -m manifest.scm -m zana.scm --root=.profaili -- true
```

Na kuhusu mradi wa pili wenye kompaila ya toleo jingine: kuandika `gcc-toolchain@12` katika orodha kunatosha endapo toleo hilo bado lipo katika Guix uliyonayo. Ila manifest.scm hutaja majina tu, na majina hayo hufasiriwa na Guix ya siku hiyo, hivyo `guix pull` moja inaweza kukubadilishia maktaba zote. Hifadhi hali ya Guix yako kwa `guix describe -f channels > channels.scm`, iweke faili hiyo pamoja na msimbo, na katika .envrc badala ya `guix shell` andika `guix time-machine -C channels.scm -- shell` na chaguo zilezile. Mara ya kwanza Emacs itasimama kwa muda inapofungua faili, kwa sababu Guix ya tarehe ile lazima itayarishwe. Fanya mzunguko huo wa kwanza kwenye terminali, uwe na subira, kisha ufungue kihariri.

Sasa nirudi kwenye suala la kuta. Mpangilio huu wote huongeza folda za mradi mbele ya PATH iliyopo, hauondoi chochote. Ukisahau kuorodhesha programu fulani, na kompyuta yako ikawa nayo, ujenzi utaichukua hiyo bila kulalamika, na atakayelalamika ni mtu wa pili atakayejaribu kujenga. Kwa uandishi wa kila siku nauona uvujaji huo kuwa bei inayokubalika, maana kihariri huhitaji vitu vingi vya nje ili kifanye kazi vizuri. Kwa msimbo unaotaka kuutoa kwa wengine haukubaliki, na dawa yake ni kujenga mara kwa mara ndani ya kontena, kwa orodha ya mradi pekee na bila zana zako:

```
guix shell --container -m manifest.scm -- cmake -S . -B jengo-safi
guix shell --container -m manifest.scm -- cmake --build jengo-safi
```

Mara nyingi ni hapa inapogundulika kwamba sed, git au coreutils zilitumika muda wote bila kutajwa popote. Ikiwa mradi una faili ya guix.scm inayoueleza kama kifurushi, `guix build -f guix.scm` ni kali zaidi, kwa kuwa ujenzi hufanywa na huduma ya Guix kwa mtumiaji mwingine, bila mtandao na bila folda yako ya nyumbani. Amri hizi zinaweza kuitwa kwa `M-x compile` kama nyingine yoyote, na nashauri ziwe amri unayoipata kwa kidole kimoja, ili zisigeuke kuwa ibada ya mwisho wa mwezi.

Je, kuna wakati seva ya lugha yenyewe inapaswa kuingia katika kontena? Upo: unaposoma msimbo usiouamini, maana seva nyingi za lugha huendesha sehemu za mradi ili kuuelewa. Hapo eglot inaweza kuelekezwa, kupitia `eglot-server-programs`, iite `guix` yenye hoja za `shell --container` na mwishoni clangd. Jiandae kwa jambo moja la ajabu: baadhi ya seva huanza vizuri kisha hujifunga zenyewe baada ya muda mfupi. Itifaki ya seva za lugha, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2016, huagiza kihariri kiitajie seva namba ya mchakato wake, ili seva ijifunge mzazi akifa. Ndani ya kontena orodha ya michakato ni nyingine, namba ya Emacs haimo, na seva huamini kwamba imebaki yatima. Eglot ina kigeu kiitwacho `eglot-withhold-process-id`. Kipe thamani ya `t`, na namba haitatumwa.

Jambo la pili ni njia za faili. Seva na kihariri huzungumza kwa kutajiana njia kamili, kwa hiyo faili lazima iwe na njia ileile pande zote mbili. Kontena la Guix huiweka folda ya kazi mahali palepale ilipo nje, na hata ukiomba kwenda kwenye tamko lililo katika faili ya kichwa ya maktaba, njia ya /gnu/store utakayopewa ipo kwako pia. Bafa hiyo ya ghalani haiko chini ya folda ya mradi wako, na seva haitaishughulikia mpaka uwashe `eglot-extend-to-xref`. Kwa Docker, programu nyingine ya kontena, mambo ni magumu zaidi. Folda ya mradi unaweza kuiweka kwenye njia ileile kwa `-v "$PWD:$PWD" -w "$PWD"`, lakini faili za maktaba zilizo ndani ya kontena hazipo nje, na kila ukifuata tamko utafikishwa kwenye bafa tupu. Kwa hali hiyo ni afadhali kuifungua faili yenyewe kupitia Tramp, sehemu ya Emacs ya kufungua faili zilizo kwingine, ambayo tangu Emacs 29 inaelewa njia zinazoanza na `/docker:` au `/podman:` bila kifurushi cha ziada, ukikubali kwamba kila hatua itakuwa nzito kidogo.

Namalizia na mwenzake. Kama angekuwa kwenye Linux, kazi ingekuwa imekwisha: VS Code ina kiendelezi cha direnv kinachosoma .envrc hiyohiyo, tofauti ikiwa kwamba huipa dirisha zima mazingira mamoja, jambo lisilomsumbua anayefungua mradi mmoja kwa kila dirisha. Kwenye Mac, Guix haiendeshwi moja kwa moja. Huenda akashawishika kutengeneza taswira ya Docker kwa `guix pack -f docker -m manifest.scm` na kuifungua kwa utaratibu wa devcontainer.json, lakini utaratibu huo huingiza nusu ya VS Code ndani ya kontena, na nusu hiyo hutarajia kuipata maktaba ya C mahali pa kawaida pa Linux, chini ya /lib64, mahali ambapo taswira ya Guix haina kitu. Taswira hiyo inafaa kwa kujenga na kujaribu, si kwa kuandikia. Njia ninayomshauri ni kuifikia mashine ya Linux kwa SSH, iwe ya mbali au ya kubuni ndani ya Mac yake, Guix ikiwa imesakinishwa juu ya Debian au Ubuntu ya kawaida, na kiendelezi cha direnv kisakinishwe upande wa mashine hiyo, si upande wa Mac.